Modemu ya Manang Puring na Marehemu Aliyekuwa Hai

Ildefonso Palmares, ambaye sote tulimwita Ponsing, alitangaziwa kifo chake redioni saa sita mchana, Jumatatu moja ya mwaka 1993, akiwa ameketi kituo cha mabasi na bakuli la supu ya tambi mbele yake. Walioketi naye wanasema alilisikiliza tangazo mpaka mwisho, akaomba chumvi, akaendelea kula. Kufikia saa tisa nyumbani kwake hapa Jaro walikuwa wamefika watu kumi na wanane, na kahawa, na masufuria mawili ya tambi za kukaanga, na mzee mmoja aliyeleta karata, maana mkesha wa msiba usio na karata kwetu hauhesabiwi. Ponsing alipotokea mlangoni hakuna aliyejua kama arudi na sufuria yake au aiache. Mwishowe wakala wote pamoja na marehemu.

Mtaa ulicheka wiki nzima. Aliyeumia alikuwa mmoja tu, Purificacion Catalbas, jirani yangu, tuliyemwita Manang Puring, yaani dada mkubwa Puring, kwa sababu tangazo lile lilipita mezani kwake.

Siku hizi kila mtu ana simu mfukoni, na hajui kama jirani yake amekufa mpaka anuke. Wakati ule habari ya msiba ilikuwa na njia yake. Ukifiwa, ukiugua, ukimtaka mwanao arudi kutoka kwenye mashamba ya miwa, ulipeleka karatasi kwa Manang Puring, na redio iliisoma saa sita. Mtu akiwa mlimani Tapaz na jembe lake aliisikia, na jioni alikuwa kwenye basi. Wengi walituma karatasi kwa mkono wa madereva. Mahali patatu palikuwa na kompyuta, nao walituma kwa simu: hospitali ya mkoa, parokia ya San Roque, na kituo cha mabasi. Saa tano na nusu redio nayo ilipiga simu, Manang akaisomea matangazo yote.

Manang Puring aliifaa kazi hiyo kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Alijifunza nukta na vistari akiwa na miaka kumi na saba, akakaa kwenye kitufe cha telegrafu miaka thelathini na minne, zaidi ya nusu yake katika ofisi ya Dueñas. Katika kazi ile hakukuwa na neno la siri. Kila mpigaji alikuwa na mkono wake. Mmoja alivuta vistari kama mwenye usingizi, mwingine alidonoa nukta kama kuku kwenye mchele. Herufi tatu tu zikiingia, Manang alijua ni nani, na kama amekunywa. Mwaka 1985 ofisi ikafungwa, akapewa cheti na saa ya ukutani iliyogoma kutembea siku ya pili. Saa hiyo aliitundika hivyo hivyo. Alisema angalau mara mbili kwa siku inasema kweli, na hiyo ni mara mbili zaidi ya waliompa.

Redio ndiyo iliyomwekea kompyuta sebuleni, kati ya sanamu ya Mtoto Mtakatifu na cherehani, pamoja na modemu: kisanduku cheusi, unene wa kitabu cha sala, chenye safu ya taa nyekundu. Kazi ya modemu ilikuwa kuifanya kompyuta isemezane na kompyuta nyingine kwa waya wa simu, kwa mlio wa paka wawili waliofungiwa kwenye pipa. Najua mlio huo vizuri, kwa sababu nusu ya laini ile ilikuwa yangu.

Laini ya peke yako uliisubiri miaka kumi, kwa hiyo kampuni ya simu ilitufunga wawili wawili kwenye waya mmoja. Mwenzako akiwa anaongea, ukiinua simu yako unamsikia. Palikuwa na adabu yake. Unakohoa, unasema, "Samahani, mshirika, naomba laini," naye anamaliza alichokuwa anasema, anakuachia. Nimejua wema na ubaya wa watu kwa namna walivyoachia laini. Modemu haikuachia. Niliikoholea mara nyingi.

Siku ya pili baada ya kile kifo alikuja Rene Sumagaysay, meneja wa kipindi, kijana mwenye shati la mikono mifupi na kalamu nne mfukoni. Nilikuwa barazani kwa Manang, nikamsikia.

"Manang, mimi nakuheshimu kama mama yangu."

"Ukianza hivyo, Toto, najua kinachofuata ni tusi."

"Marehemu alikuja studio kutaka aombwe radhi."

"Alikuja na nani?"

"Na wafiwa. Wawili walikuwa bado na sahani." Rene hakucheka. "Tangazo lilisema limetoka hospitali. Hospitali wanasema hawakutuma. Maana yake yeyote mwenye modemu anaweza kupiga hapa akajiita hospitali. Nataka modemu hii iulize neno la siri. Jumamosi asubuhi nitajaribu kuingia mwenyewe, kutoka ofisini kwangu. Nikiingia, meza inahamia studio."

"Na watu wa mlimani?"

"Watakuja studio wenyewe, na cheti cha makazi."

"Mtu amefiwa na mama yake Tapaz, amwache maiti, apande basi saa nne, aje kukuonyesha cheti?"

"Ndiyo utaratibu, Manang."

"Utaratibu wa nani? Mbona juzi haukuwepo?"

Rene alikunywa kahawa yake, akaomba biskocho, ule mkate mkavu wa sukari, moja ya njiani, akaondoka. Manang alinigeukia. Sikumwona akilia siku ofisi yake ilipofungwa, na siku hiyo pia hakulia, lakini aliiweka mikono mezani kama anayezuia meza isibebwe.

"Nong Genio," akasema, maana Nong kwetu ni kaka mkubwa, "wewe unasoma Kiingereza cha vitabu. Leta miwani yako."

Shule niliiacha darasa la nne. Kiingereza nilijifunza kwenye vitabu vya maelekezo ya redio, vile ambavyo wenye haraka huvitupa pamoja na boksi. Kwa hiyo nilijua, nikiangalia kitabu cha modemu ile, kwamba jambo muhimu halitakuwa mbele. Tulisoma tangu asubuhi, mimi nikitafsiri, yeye akiandika amri kwenye kibodi kwa vidole viwili vilivyonyooka kama vya mpiga piano.

Ulinzi wa modemu ulikuwa wa ngazi mbili. Ndani yake mlikuwa na visanduku kumi vya kumbukumbu, na kila kimoja kilihifadhi neno la siri na, ukitaka, namba ya simu. Ngazi ya kwanza, anayepiga anaulizwa neno. Akikosea mara tatu anakatiwa. Ngazi ya pili, hata akilitaja sawasawa anakatiwa pia, kisha modemu yenyewe inapiga ile namba iliyo kisandukuni. Mwizi anaweza kuiba neno la hospitali, lakini simu ikirudishwa italia mezani hospitali, na yeye hayupo pale.

"Hiyo ya pili ndiyo nzuri," alisema Manang.

"Ya kwanza inatosha," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nusu ya laini ni yangu. Sasa hivi kisanduku chako kinapokea tu. Kikianza na kupiga, mimi nitaongea lini?"

"Wewe unaongea na nani, Genio? Mkeo yuko jikoni."

"Hilo ni langu."

Kwa adabu ya laini, mshirika akikataa amekataa. Hakubishana. Tuliweka ngazi ya kwanza peke yake, na hilo lilikuwa kosa langu, nalisema hapa maana hakuna mwingine aliyebaki wa kulisema.

Kosa la pili lilikuwa la sote. Tulipomaliza tulikunywa kahawa, na umeme ukakatika, maana mwaka ule ulikuwa wa mgao. Uliporudi, modemu ilikuwa imesahau kila kitu kama diwani baada ya uchaguzi. Ukurasa wa arobaini na moja, mwishoni, kwa maandishi madogo, ulisema kwamba usipoiamuru iyaandike mambo kwenye kumbukumbu ya kudumu, inayashika kwa mdomo tu. Tulirudia yote, tukaiamuru iandike.

Kosa la tatu ndilo lililotuaibisha. Manang alizipigia simu zile ofisi tatu, akamwambia kila mmoja ajichagulie neno lake. Parokia wakachagua SANROQUE. Kituo cha mabasi wakachagua SANCRISTOBAL, msimamizi wa wasafiri. Hospitali wakachagua SANRAFAEL, malaika wa wagonjwa. Manang aliyaandika, nami niliyasoma kwa sauti, na hakuna kati yetu aliyeona ubaya. Tuliona kila mahali pamejiweka chini ya msimamizi wake, kama inavyopaswa. Hatukukumbuka kwamba kisiwa kizima, mpaka wauza maandazi, kinajua nani anasimamia nini.

Alhamisi saa nne na nusu asubuhi simu ililia, paka wakapiga kelele kwenye pipa, na modemu ikauliza neno la siri. Aliyepiga alijaribu SANLUCAS, mganga. Likakataliwa. Akajaribu SANRAFAEL, akaingia.

"Hospitali wamesahau neno lao?" niliuliza.

Kompyuta ile ilionyesha maandishi ya mgeni jinsi anavyoyaandika, herufi moja moja, nasi tulikuwa tumesimama mbele ya kioo chake. Yalitokea hivi: "Masahihisho. Ildefonso Palmares aliyetangazwa Jumatatu hakufa ila yu mahututi. Ndugu yake Dionisio Palmares wa Tapaz anaombwa kufika haraka."

Nilicheka. "Amefufuka nusu."

"Nyamaza," alisema Manang. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, na kidole chake cha shahada kilikuwa kinagonga meza, taratibu, pamoja na herufi. "Tazama anavyoandika. Anakwenda mbio, halafu kabla ya kila jina anasimama. Kama anavua kofia. Kabla ya Ildefonso amesimama. Kabla ya Dionisio amesimama zaidi."

"Basi?"

"Ofisi ya Passi, mwaka hamsini na nane mpaka sabini na mbili. Nilipokea mkono huu kila siku ya kazi." Akavuta kiti, akakaa. "Huyu ni Ponsing mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimesahau kwamba Ponsing, kabla ya kupanga mabasi kule kituoni, alikuwa mpigaji wa telegrafu Passi. Manang alibonyeza kitufe cha kuongea na mgeni, akaandika. Nayaweka hapa kama nilivyoyasoma kwenye kioo.

"Ponsing, nakujua kwa mkono."

Jibu likaja: "Hapa ni hospitali."

"Hospitali hawasimami kabla ya majina. Unanitolea mkate mdomoni, wewe mzee."

"Hakuna jina lako kwenye tangazo, Puring."

"Lipo kwenye meza. Jumamosi wanaichukua."

Mlango wa pili nikasikia mke wangu akiinua simu yetu, nikamfokea kupitia dirishani airudishe. Ponsing akaandika, polepole sasa: "Sikujua. Nilitaka Isyo aje. Miaka kumi na tisa."

Habari ya miaka kumi na tisa tuliijua. Mama yao alipokufa aliacha sanamu ya mti ya San Isidro, na kila ndugu alisema ameachiwa yeye. Dionisio, mkubwa, ndiye huyo Isyo, aliibeba kwenda nayo Tapaz, na hawakusemezana tena.

"Si ungemwomba tu aje?" aliandika Manang.

"Nikimwomba nikiwa hai itakuwa mimi ndiye niliyeanza."

"Kwa hiyo umeona bora ufe."

"Hata hivyo hakuja. Nikaona labda niugue."

Manang alinitazama. Nilidhani atasema amepata alichokitaka: jina la mkosaji la kumpa Rene, naye asafishwe lawama. Aliandika: "Tangazo hili nalifuta. Kesho njoo kwangu na karatasi, kama watu wengine, useme ukweli. Na ukirudia, nitatangaza mimi kwamba umekufa, na safari hii nitakuja mwenyewe kuhakikisha."

"Ndiyo, Manang," aliandika Ponsing. Alikuwa anamzidi umri kwa miaka minne.

Simu ilipokatika, nilikuwa nimesimama na miwani mkononi. Nikasema, "Weka ngazi ya pili."

"Na laini yako?"

"Kuanzia saa tatu mpaka saa tano na nusu, sitaigusa. Wala mke wangu."

"Utaongea na nani basi, Genio?"

"Nitakuja kuongea hapa," nikasema. "Unajua nilivyo na mengi."

Maneno mapya ya siri aliyachagua yeye, wala hakumwuliza mtu. Zamani kila ofisi ya telegrafu ilikuwa na herufi zake mbili za kuitwa. Alichukua za ofisi zilizofungwa, nne nne, akaziunganisha kwa mpangilio wa waya ulivyokuwa ukipita kutoka mji hadi mji. Ukimwonyesha mtu wa sasa ataona matope ya herufi. Kwa Manang ilikuwa ni barabara, na alijua ni nani aliyekuwa amekaa kila kituo na alipenda kahawa ya namna gani. Aliipa kila ofisi neno lake kwa simu na kuwaapisha wasiliandike ukutani. Akaweka namba za simu katika visanduku. Akaiamuru modemu iandike kwenye kumbukumbu ya kudumu. Kisha akazima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kubwa, tukahesabu mpaka mia, akauwasha. Modemu ilikumbuka.

Ijumaa Ponsing alikuja na karatasi yake, akaikabidhi bila kumtazama mtu usoni. Manang aliisoma, akafuta maneno matatu, akamrudishia aandike upya. Ponsing akaandika upya.

Jumamosi saa tatu Rene alianza. Alijaribu watakatifu, akakatiwa. Alijaribu siku ya kuzaliwa ya Manang, akakatiwa. Alijaribu jina la paka wa Manang, jambo lililomuudhi Manang kuliko yote, kwa sababu paka alikuwa amekufa mwezi uliopita. Saa nne akapiga kwa sauti yake.

"Sawa, Manang. Lakini neno linaweza kuvuja. Mtu wa hospitali akimwambia shemeji yake?"

"Ndiyo, Toto. Chukua kalamu. Neno la hospitali ni hili." Akamtajia, herufi kwa herufi, mimi nikidhani amepata wazimu. "Ingia nalo."

Tulikata, tukasubiri. Taa nyekundu zikawaka. Modemu ikauliza neno, ikalipokea, ikakata. Kisha kwa mara ya kwanza tangu iwekwe pale, ikabonyeza namba yenyewe, tik tik tik, na sekunde ishirini baadaye simu ikalia hospitali, kwenye meza ya karani aliyekuwa ameambiwa asiinue kitu. Rene ofisini kwake alibaki na kioo kitupu. Manang alimpigia.

"Umeingia?"

"Imenikatia."

"Imekwenda kukutafuta unakosema unatoka. Haikukukuta." Akavuta kibodi. "Hilo neno nalibadilisha sasa hivi, usijisumbue kulihifadhi. Meza?"

"Meza ibaki, Manang." Rene alikohoa. "Lakini mlijua aliyetuma lile tangazo?"

"Mtu mmoja aliyetaka kutangaza, akakosea namna," alisema Manang, akaiweka simu chini.

Saa sita mchana redio ilisoma, kati ya misiba miwili na mbuzi aliyepotea: "Ildefonso Palmares wa Jaro yu hai, hana ugonjwa. Anamwomba kaka yake Dionisio wa Tapaz aje wale pamoja Jumapili."

Dionisio alifika Jumapili saa tano, mtu mfupi mwenye kofia ya majani, na jogoo kwapani. Nilikuwepo, na Manang alikuwepo, na wale wafiwa kumi na wanane walikuwepo, kwa sababu waliona wanadai mwisho wa hadithi. Alisimama uani akimtazama mdogo wake juu mpaka chini.

"Uliposema umekufa sikuja," alisema. "Nilijua unadanganya. Lakini uliposema uko hai na unaniomba, nikaona hilo siwezi kuliamini bila kuja kutazama."

"Basi tazama, Manong," alisema Ponsing, na alisimama kidogo kabla ya kulitaja lile neno la kaka mkubwa.

"Natazama. Umenenepa. Sanamu bado ni yangu."

"Keti, tambi zinapoa."

Meza ilikaa kwa Manang Puring miaka kumi na mmoja zaidi. Modemu haikudanganywa tena, na mimi sikuigusa laini kati ya saa tatu na saa tano na nusu hata mara moja. Kisha wakaja na simu zao za mfukoni, redio ikajaza saa sita kwa muziki na vicheko, na Manang akafa mwezi wa nane, bila tangazo, kwa sababu aliyekuwa akiyapokea matangazo ni yeye. Niliwaambia watu kwa miguu, nyumba hadi nyumba. Ponsing alileta karata.

Baadaye kampuni ya simu ilinipa laini nzima, peke yangu, bila kuomba. Iko hapa mezani karibu na ile modemu aliyoiacha Manang. Mkono wangu bado hauigusi kabla ya saa tano na nusu. Na nikiiinua, nakohoa kwanza.